Mia Tano ya Kibanda, Pauni 174.50 za Leseni

Jumamosi ya mwezi Desemba, saa 12 jioni, kijana aliyetoka mwaloni kuosha dhahabu hapa Segese anatoa shilingi 500 mlangoni, anakaa kwenye benchi la mbao na kutazama mechi ya Ligi Kuu ya England mwanzo hadi mwisho. Saa hiyohiyo kuna shabiki wa timu hiyohiyo anayeishi Uingereza, mtaa wa pili kutoka uwanjani. Amelipia leseni ya televisheni, amelipia na king'amuzi cha bei mbaya, lakini hana chaneli hata moja halali ya kuionea mechi hiyo. Kwao ni saa 9 alasiri, na mpira wao una katazo: Jumamosi, kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni kwa saa za Uingereza, hakuna mechi inayorushwa mubashara ndani ya nchi. Katazo hilo ni la tangu miaka ya 1960. Anayetajwa sana kulisukuma ni Bob Lord, mwenyekiti wa klabu ya Burnley, aliyeogopa kwamba watu wakiuona mpira sebuleni, viwanja vitabaki vitupu.

Msimu mmoja wa ligi hiyo una mechi 380. Katika mkataba ulioanza msimu wa 2025/26, Sky wanaonyesha zisizopungua 215 na TNT Sports wanaonyesha 52. Jumlisha, unapata 267. Mechi 113 zinazobaki Mwingereza atazisikiliza redioni, au atasubiri usiku aone vipande vyake kwenye Match of the Day, kipindi ambacho BBC wamekirusha tangu Agosti 1964. Sisi wa nje tunauziwa zote 380.

Naanza na hili kwa sababu hapa kwetu, mtu akisikia ndugu yake kapata viza ya Uingereza, jambo la pili analosema baada ya hongera ni kwamba sasa atafaidi mpira. Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, yuko Leeds tangu 2023 akihudumia wazee. Mume wake alimfuata akiwa na imani hiyohiyo. Nimekaa nao sana kwenye simu tukilinganisha wanacholipa na tunacholipa, wanachokiona na tunachokiona. Nilichokipata ni kwamba bei peke yake haisemi mengi. La kutazama ni nani anayepanga siku yako ya kulipa.

Segese ni kata ya Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, upande wa kuelekea mgodi wa Bulyanhulu. Ukiacha mpunga, mahindi na pamba, hela ya hapa inatoka kwenye maduara (mashimo ya dhahabu) na makarasha (mashine za kusaga mawe), na hela hiyo haina tarehe. Mchimbaji anaweza kushinda duarani wiki nzima, na nyingine, na nyingine tena, akila ugali wa mwenye duara bila kushika hata shilingi. Siku mawe yakitoka, mifuko inagawanywa, inapelekwa kusagwa, inaoshwa, na dhahabu inauzwa. Mwaka 2025 gramu moja ilipita laki mbili na nusu. Aliyekuwa anakopa sigara Jumatatu anaweza kuwa na laki tano mfukoni Alhamisi. Kisha anarudi kusubiri.

Vifurushi vya televisheni vimeshonewa mtu wa mshahara. Vinahesabu siku thelathini, uangalie usiangalie, uwepo au uwe chini ya ardhi. Nimeona televisheni nyingi katika kata hii zenye maandishi ya kukumbushia malipo kuliko zenye picha. Mwenye nyumba alilipia kifurushi kikubwa siku mawe yalipotoka, akaangalia siku nne, akaingia duarani zamu ya wiki mbili, na aliporudi siku zilikuwa zinakwisha. Kwa kila mechi aliyoiona kweli, alilipa bei ambayo asingekubali kuitoa mlangoni kwa mtu yeyote.

Ndiyo maana kibanda umiza, kile cha kuonea mpira kwa kiingilio, hakifi. Ninachokifahamu zaidi kiko nyuma ya safu ya maduka: mabati juu, mabati pembeni, turubai jeusi upande wa magharibi ili jua la jioni lisipige kioo. Mbele kuna televisheni mbili zilizobebana, ya juu ina king'amuzi cha DStv, ya chini cha Azam. Mechi zikigongana, wa Yanga wanakaa kushoto na wa Arsenal kulia, na sauti inafunguliwa ya upande wenye watu wengi. Mlangoni kuna ubao wenye ratiba ya chaki, jina la timu moja ya Merseyside likiwa limeandikwa "Livapuli", na hakuna aliyewahi kupotea kwa ajili hiyo. Kiingilio ni 500, mechi kubwa 1,000. Genereta imefungwa kwa mnyororo kwenye mwembe. Umeme ukikatika dakika ya sabini, watu wanapiga kelele lakini hawatoki, kwa sababu wanajua Anko, mwenye kibanda, ameshakimbilia kamba ya genereta.

"Anko, kwa siku unaingiza watu wangapi?" nilimuuliza.

"Inategemea mawe, kaka. Mawe yakitoka, hata mechi ya Everton inajaza."

Mtu anayeingia mara mbili kwa wiki kwa 500, na mara moja kwa mechi ya 1,000, anatumia 2,000 kwa wiki, kama 8,000 kwa mwezi. Hajanunua televisheni, hajamlipa fundi dishi, hajaweka luku. Pointi moja ya dhahabu, yaani sehemu ya kumi ya gramu, inamlipia hata miezi mitatu. Wiki asiyokuwa na kitu, analipa sifuri, na hakuna anayemkatia chochote.

Lakini kibanda ni cha wanaume. Hili wanaokisifu huwa wanaliruka. Wanawake wachache huingia mchana, na usiku ni nadra kabisa. Watoto wanafukuzwa kwa maneno na kuingilia nyuma kwa vitendo. Kwa hiyo baba akisema "mimi naangalia kibandani, nyumbani televisheni ya nini", amejitatulia tatizo lake mwenyewe. Swali la televisheni ya nyumbani ni la mama na watoto, na kinachotafutwa hapo ni taarifa ya habari ya saa 2 usiku, katuni, na zaidi ya yote tamthilia.

Kwenye tamthilia tumekuwa wanunuzi wa dunia nzima. Azam walituletea za Kituruki zikizungumza Kiswahili, na kina mama wa Segese wanaijua ikulu ya Sultan Suleiman kuliko ofisi ya kata. Kabla yao, mwaka 2011, TBC ilirusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya Doudou na mama wakwe zake. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja. Uingereza, iliyotutawala na kutuachia mahakama na ligi ya kushabikia, sijaona ikituletea tamthilia ya Kiswahili hata ya kutupigia mfano. BBC wenyewe wamekuwa wakitangaza kwa Kiswahili tangu Juni 1957, lakini zaidi ni habari. Drama zao unazipata kwenye vifurushi vya bei, kwa Kiingereza, saa ambazo mama yuko jikoni.

Sasa, nyumbani ununue nini? Ngazi ya chini kabisa ni antena ya kunasa chaneli za bure. Baada ya Dar es Salaam kuzima mitambo ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 na miji mingine kufuata, hata chaneli ya bure ilihitaji king'amuzi, na hapo ndipo watu wengi walipochanganyikiwa, kwa sababu king'amuzi kinachouzwa dukani ni cha kampuni na kampuni inataka ulipie. Agosti 2018 mvutano ulifika mahali TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikaamuru kampuni za dishi, DStv na Azam zikiwemo, ziondoe chaneli za bure kama ITV na Star TV kwenye vifurushi vyao kwa kuwa leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba. Watu wakaamka asubuhi chaneli hazipo. Mambo yalikuja kurekebishwa, ila fundisho la mnunuzi linabaki: kabla hujatoa hela, mwombe muuzaji akuonyeshe king'amuzi ambacho kifurushi chake kimekwisha. Usikubali maelezo ya mdomo. Chaneli zinazobaki pale ndizo utakazoishi nazo miezi ambayo mawe hayajatoka, na kwa kaya nyingi za hapa hiyo ni miezi mingi.

Kama unalipia, angalia anayekuuzia kwa siku au kwa wiki. StarTimes wana utaratibu huo, na kwa mtu wa hela za vipindi una thamani kuliko chaneli kumi za nyongeza. DStv wana ngazi nyingi: ya chini inacheza kwenye elfu kumi, ya juu kabisa ilishavuka laki moja kwa mwezi zamani. Karibu tofauti hiyo yote ni mpira wa Ulaya, na ukiwa na kibanda mita mia mbili kutoka kwako, sioni sababu ya kaya ya kawaida kuilipia. Azam iko katikati, na ina kitu ambacho wengine hawana. Mei 2021 walisaini mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu Bara. Anayetaka Simba na Yanga atapita kwao tu. Huku kwenye ukanda wa dhahabu hamu ilizidi msimu wa 2021/22, Geita Gold ilipopanda daraja na George Mpole wake akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Kisha timu ikashuka mwaka 2024, na king'amuzi kimebaki ukutani.

Umeme usikutishe. Televisheni ndogo ya flati inayokula wati 50, ikiwaka saa tano kila siku, inamaliza uniti saba na nusu kwa mwezi. Kwa kaya iliyo kwenye bei ya matumizi madogo ya TANESCO, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hiyo haifiki elfu moja. Televisheni ya zamani ya chogo inakula zaidi ya hapo, na bei yake ndogo ya mtumba inakurudia kwenye luku. Mtandao ndio mtego mpya: mechi moja kwa picha nzuri inaweza kumeza zaidi ya GB mbili, na bando likikata dakika ya themanini hakuna Anko wa kukimbilia kamba.

Twende Leeds. Kitu cha kwanza televisheni ya Uingereza ilichompa mdogo wangu ni barua. Haikuwa na jina lake, iliandikiwa mkaaji halali wa nyumba, na ilisema kwamba anwani ile haina leseni. Alinipigia usiku.

"Kaka, huku televisheni ina leseni kama bunduki."

Ni kweli, na ni ya zamani. Leseni ya pamoja ya redio na televisheni ilianza Juni 1946 kwa pauni 2. Aprili 2025 ilifika pauni 174.50 kwa mwaka. Nikitumia shilingi 3,400 kwa pauni, ni kama laki tano na elfu tisini na tatu. Anayetazama kwa televisheni isiyo ya rangi bado ana bei yake, iliyokuwa pauni 58.50 mwaka huo, na wapo. (Zanzibar, iliyoanza televisheni moja kwa moja kwa rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ingeshangaa.) Unahitaji leseni kutazama chaneli yoyote inaporusha, hata isiyo ya BBC, hata kwa simu, na kutazama chochote kwenye iPlayer ya BBC. Huihitaji kwa Netflix au YouTube kama huangalii matangazo ya mubashara. Ukikamatwa unaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Kwa miaka mingi wengi wa wanaofikishwa mahakamani wamekuwa wanawake, na sababu mojawapo ni nyepesi kiasi cha kuudhi: mkaguzi akigonga mlango mchana, wao ndio wanaokuwa nyumbani.

Hapo kuna jambo ambalo wageni wanaoishi kwa kugawana nyumba wanapaswa kulijua mapema. Kama mmepanga nyumba nzima kwa mkataba mmoja wa pamoja, leseni moja inawatosha. Kama kila mmoja ana mkataba wa chumba chake, kila chumba chenye televisheni kinahitaji ya kwake. Mdogo wangu na wenzake wanne walikaribia kununua nne za ziada kwa woga tu.

Wanalipa kwa mwaka, kwa miezi, au kwa kadi dukani kidogokidogo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayofanana na sisi: unaingia duka la kona, unatoa pauni chache, unapewa risiti, kama luku. Tofauti ni kwamba luku ikiisha unakaa gizani na hakuna anayekushtaki.

Italia wameenda mbali zaidi. Tangu 2016 ada ya televisheni inakatwa ndani ya bili ya umeme. Nalisema hili kwa sauti ya chini, kwa sababu sisi tayari tunakatwa kodi ya jengo kwenye luku, na wazo zuri halikawii kuvuka bahari.

Pamoja na hayo, ninaitetea leseni kuliko mdogo wangu anavyoitetea. Kwa leseni hiyo moja kaya inapata BBC yote bila tangazo la biashara hata moja, redio zake zote, na kwa antena ya kawaida, kupitia Freeview iliyoanza 2002, chaneli nyingi zisizolipiwa zaidi. Sheria yao ya mwaka 1996 inataka matukio makubwa, kama Kombe la Dunia, Olimpiki na fainali ya Kombe la FA, yapatikane kwenye chaneli za bure. Na kuna hili: sehemu kubwa ya gharama za idhaa ya dunia ya BBC, ambamo Idhaa ya Kiswahili imo, inatoka kwenye leseni hiyo. Dira ya Dunia niliyoisikiliza kwenye redio ya baba bila kutoa hata senti ililipiwa na mtu. Zamani hela ilitoka wizara ya mambo ya nje, tangu 2014 mzigo ukahamia kwa wenye leseni, na serikali inaongezea. Leo mmoja wa wanaolipa ni msichana wa Segese anayeosha wazee Leeds. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, akauliza kama wanaweza basi kumpunguzia.

Na anaangalia nini kwa hela hiyo? Alitegemea ikulu na majasusi. Alikuta nyumba. Watu wanaonunua nyumba mbovu mnadani na kuzikarabati, watu wanaohama mjini kutafuta nyumba shamba, watu wanaopeleka birika la bibi kwa mtaalamu aseme linauzwa bei gani. Hicho cha mabirika, Antiques Roadshow, kiko hewani tangu 1979. Kuna watu wanaoshindana kuoka keki ndani ya hema na kulia kweli mkate ukizama katikati. Na kuna Gogglebox ya Channel 4, tangu 2013.

"Kaka, ni watu wamekaa kwenye makochi yao wanaangalia televisheni. Na sisi tunawaangalia wao."

Nilimwambia hiyo ipo Segese, inaitwa kukaa benchi la nyuma kwa Anko.

EastEnders, tamthilia iliyoanza Februari 1985, alidhani itamfundisha Kiingereza. Ilimfundisha kugombana. Kwenye vipindi vingine, wiki za mwanzo hakuelewa watu wa Newcastle wala Glasgow hata kidogo, hadi mzee mmoja anayemhudumia alipomwonyesha kitufe cha maandishi kwenye rimoti. Karibu vipindi vyote vya BBC vina maandishi hayo, na kwa mgeni hiyo pekee inarudisha nusu ya leseni: unasikia lafudhi, unasoma neno, kesho yake kazini unalitambua. Anasema pia amependa saa 3 usiku yao. Kabla ya hapo chaneli haziruhusiwi kuonyesha mambo yasiyofaa watoto, na wanaifuata. Hapa kwetu nimeona filamu ya mapanga saa 10 jioni, watoto wa darasa la pili wakiwa benchi la mbele.

Mume wake ndiye aliyeumia. Leseni haimpi mechi za ligi. Akitaka Sky Sports kupitia huduma yao ya mtandaoni ya NOW, bei aliyoikuta ilikuwa pauni 34.99 kwa mwezi, au 14.99 kwa siku moja. TNT Sports, karibu pauni 31 nyingine kwa mwezi. Ukiweka na sehemu ya leseni, pauni 14.54, mwezi ulikuwa unagonga pauni 80, kama shilingi laki mbili na elfu sabini, na bado mechi ya Jumamosi alasiri haipo. Siku moja ya 14.99 ni elfu hamsini na kitu. Kwa Anko hizo ni jioni mia moja za kawaida.

Kulinganisha shilingi kwa pauni kuna udanganyifu wake, najua. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara wao kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Kwa bei hizo, leseni ya mwaka mzima ni jasho la saa kumi na nne na ushee kabla ya makato. Mwezi kamili wa mpira, pamoja na leseni, ni kama saa sita na nusu, chini ya zamu moja ya usiku. Nani hapa Segese anaweza kulipia kifurushi kikubwa cha DStv kwa kazi ya saa sita? Wachache sana, na hao wana duara lao. Kwa hiyo kwa jasho, Leeds ni rahisi. Kwa uhuru wa kutolipa mwezi huu, Segese inashinda mbali, na kwa mtu anayetuma hela nyumbani kila mwezi, uhuru huo anaukumbuka.

Alijaribu baa. Kule baa ndiyo kibanda chao, kiingilio hakuna ila huwezi kukaa dakika tisini bila kununua kinywaji, naye hanywi. Soda mbili za baa zinamgharimu karibu pauni saba. Na baa zenyewe zinalia, kwa sababu Sky huwatoza wafanyabiashara bei nyingine kabisa. Kesi maarufu ni ya Karen Murphy, mwenye baa mjini Portsmouth, aliyenunua kadi ya king'amuzi cha Ugiriki kwa takriban pauni 800 kwa mwaka wakati Sky wakitaka takriban 700 kwa mwezi. Alishtakiwa, akatozwa faini, akakataa, na kesi ikafika Mahakama ya Ulaya, iliyompa ushindi mkubwa Oktoba 2011. Februari mwaka uliofuata hukumu yake ikafutwa nyumbani. Nilimsimulia Anko. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nisiisimulie sana, maana na yeye kifurushi anachorushia watu themanini ni cha kuangalia sebuleni.

Ushauri wangu, basi, kwa kaya ya Segese isiyo na mshahara: king'amuzi kinachobakisha chaneli nyingi za bure, malipo ya siku au wiki kwa ajili ya tamthilia, na mpira kwa Anko. Ukiuza dhahabu, usilipie miezi mitatu mbele kwa furaha. Nunua betri na taa ya sola, televisheni itakusubiri. Kwa mwenye mshahara wa halmashauri au wa mgodini, kifurushi cha mwezi kina maana, na afadhali kiwe kimoja. Ving'amuzi viwili ukutani ni kodi ya kutoelewana ndani ya nyumba.

Kwa anayeondoka kwenda Uingereza, usinunue chochote miezi ya mwanzo. Kama unaangalia YouTube na Netflix peke yake, jaza tamko kwa wasimamizi wa leseni kwamba huihitaji, barua zitapungua. Ukiamua kukata leseni, chagua kulipa kidogokidogo, kwa kuwa mgeni huhama mara nyingi na leseni inafuata anwani. Ukihama wajulishe uihamishe. Na ukirudi nyumbani kabla mwaka haujaisha, omba urudishiwe fedha za miezi kamili ambayo hujaitumia. Wanarudisha, lakini mpaka uombe.